Mgeni Haulizwi Anaondoka Lini

"Mlango!"

Sauti ilitangulia. Nilikuwa nimetoka kwenye jua la saa nane mchana, lile jua la Singida linaloendelea kuwaka machoni hata ukiyafumba, na ndani ya chumba kipya nyuma ya mashine ya baba sikuona kitu ila weusi uliojaa vimulimuli vya kijani. Harufu niliijua: alizeti iliyokamuliwa, harufu ya utoto wangu. Sauti sikuijua. Ilitoka juu, karibu na dari, ikarudi tena kwa ukali zaidi.

"Mlango, dada! Vumbi!"

Nikaufunga. Macho yalipozoea nikamwona mtu mwembamba wa makamo ameketi juu ya ngazi ya chuma, mguu mmoja umekumbatia bomba. Mpini wa bisibisi ameuegemeza sikioni, ncha yake imegusa tumbo la mtambo. Alikuwa anausikiliza. Aliporidhika akashuka, akajifuta mikono, akaniinamia kidogo.

"Shikamoo."

Mimi nilikuwa na umri wa binti yake. Nilibabaika, nikajikuta nimesema "Marahaba," na baba aliyekuwa nyuma yangu akacheka hadi akakohoa.

"Huyu," baba akasema akijifuta machozi, "ndiye mgeni wetu."

Neno hilo ndilo lililotuponza. Nalitaja mapema ili msomaji asije akasema hakuonywa.

Baba ana mashine ya kukamulia alizeti mjini Singida. Babu yake alikuja huku na biashara ya chumvi na nguo kutoka pwani, akaoa Mnyaturu, akasahau kurudi. Mashine za kukamua ziko nyingi mjini, na mafuta yake yote ni yale mazito, yenye utusitusi. Baba alitaka mafuta meupe. Alikuwa na kipimo chake: chupa ijae, gazeti liwekwe nyuma yake, na herufi ndogo zisomeke. Kwa hiyo akaagiza mtambo wa kusafishia kutoka India, na pamoja na mtambo akaajiri fundi wa huko huko, aufunge, auwashe, na amfundishe binamu yangu, dada aliyesomea ufundi wa mitambo, mpaka aweze kuuendesha peke yake.

Fundi alipewa kibali cha kazi cha miaka miwili, na kibali cha ukaazi kilichofuatana nacho. Sheria inaruhusu kuongeza muda, na baada ya hapo kuongeza tena, mpaka ukomo wa miaka mitano. Lakini mwajiri ndiye anayeomba, si mwajiriwa, na lazima aombe kibali kikiwa bado hai, akieleza kwa nini bado anamhitaji mtu huyo na Mtanzania gani anajifunza kwake. Haya ninayaeleza kwa utulivu sasa. Wakati ule niliyaeleza kwa kupiga kelele, jikoni, barazani, na mara moja nikiwa nimesimama juu ya gunia la mashudu.

Miaka miwili husikika mingi. Tatizo ni kwamba kibali kilianza kula siku zake fundi alipotua, na mtambo ulikuwa bado baharini. Miezi ya kwanza yote kazi yake ilikuwa kusubiri. Kontena lilipofika, bomba kuu lilikuwa na ufa, likasubiriwa jingine. Lilipofika jingine, umeme wa uani ukawa hautoshi, ikasubiriwa transfoma. Msimu wa kwanza wa alizeti ukapita mtambo ukiwa baharini, wa pili ukiwa umefunikwa turubai. Kibali hakijui kontena wala transfoma. Kiliendelea tu, kama saa ya ukutani ndani ya nyumba iliyohamwa.

Niliporudi nyumbani kumalizia riwaya yangu, muda wa fundi ulikuwa umebaki mchache, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Wangu pia ulikuwa umebaki mchache, lakini mhariri wangu ni mtu wa huruma, huongeza siku kwa simu.

Fundi alikaa kwetu, kwenye chumba cha uani. Baba hakutaka kusikia habari za kumpangishia. Mtu aliyetoka mbali hivyo, alisema, hawezi kulala kwa watu. Mama naye alikuwa na mtihani wake. Yeye ni wa Mtinko, na kwao heshima ya mgeni ni kuku. Fundi hakuwa anakula nyama ya aina yoyote. Singida, ambako watu wa mikoa mingine hushuka kwenye basi kwa sababu ya kuku tu, mama alipata mgeni asiyekula kuku! Wiki ya kwanza alimwonea aibu, akajificha jikoni. Wiki ya pili akampelekea ugali wa uwele na mlenda, akiomba radhi mlangoni. Fundi alikula, akaomba tena. Kwao wana mboga inayoteleza vile vile, akasema. Tangu siku hiyo mama alimhesabu kuwa ndugu yake aliyepotea, na alikuwa akimsemesha Kinyaturu, naye akiitikia kwa kulaza kichwa kushoto na kulia, kitu ambacho kwao ni ndiyo na kwetu si chochote.

Kwenye chumba cha mtambo lakini hakuwa mpole. Vumbi dogo likiingia kwenye vitambaa vya kuchujia, mafuta yote yanaharibika, na upepo wa Singida huleta vumbi hata pale ambapo hakuna ardhi. Kwa hiyo neno la kwanza la Kiswahili alilolimiliki, akalitamka kama mzaliwa, ni "mlango". Alimpigia kelele kila mtu. Alimpigia kelele baba. Alimpigia hata shehe aliyekuja kuuombea dua mtambo, na shehe akafunga.

Jioni moja aliniambia alichokitaka. Tulikuwa uani, mama anachambua kunde, na kwa mbali mashamba ya alizeti yalikuwa njano tupu.

"Dada, mimi kazi yangu nafunga mtambo, naondoka," alisema. "Nafunga, naondoka. Nchi nyingi. Msimu ukianza, mimi niko kwingine nafunga mwingine. Sijawahi kuona mtambo wangu unakula msimu. Hii moja nataka kuona. Chupa, gazeti, herufi ndogo. Halafu naweza kuzeeka."

Alizeti ingekomaa mwezi wa tano. Siku chache baadaye baba alinituma nikatoe nakala ya pasipoti ya fundi kwa ajili ya kusajili laini ya simu, na pale dukani, kwenye mwanga wa mashine ya kutolea nakala, nikasoma tarehe ya kibali. Kilikuwa kinaisha kabla ya hapo, majuma mengi kabla.

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba.

"Baba, kibali cha fundi kinakaribia kuisha. Umeomba nyongeza?"

Baba alitazama nyuma yake kana kwamba nimetamka tusi. "Punguza sauti."

"Umeomba?"

"Hajasema kama anataka kubaki."

"Si umwulize!"

"Nimwulize nini? Bwana mgeni, unaondoka lini? Umekulia nyumba gani wewe?"

Hapo ndipo nilipojua tumeingia mahali pabaya. Kwetu mgeni haulizwi siku ya kuondoka. Unaweza kumwuliza habari za mvua ya kwao, za mifugo, za maradhi ya mama yake, lakini si hilo. Ukimwuliza, umemwambia umechoka naye. Anaamua mwenyewe, anasema mwenyewe, na hata akiondoka mlango haufungwi mgongoni kwake. Unaachwa wazi mpaka atokomee, asije akadhani ametupwa nje. Nilikua na sheria hizo, ninazipenda, na mwezi ule nilitamani kuzitia kwenye mashine ya kukamua.

"Baba, si wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Huyu tulimpa jembe siku ya kwanza. Si mgeni. Ni mwajiriwa wako. Mwajiri ndiye anayeomba!"

"Analala kwangu, anakula kwangu. Akiwa na haja atasema."

Nikaenda kwa mama. Mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kunde, kwamba baba yako anasema kweli.

Nikaenda kwa fundi mwenyewe. Alinisikiliza kwa makini, kisha akatabasamu.

"Mzee anajua," akasema. "Mzee ni mtu mkubwa. Mimi nikimkumbusha ni kama namdai. Kwetu mtu hamkumbushi mwenye nyumba wajibu wake. Tafadhali dada, usimwambie kama tumeongea."

Kwa hiyo nilikuwa na watu wazima wawili, wote na akili zao, waliokaa barazani kila jioni wakinywa chai ya tangawizi na kuongea habari za kila kitu kilichopo chini ya jua. Waliongea bei ya mbolea. Waliongea kriketi, mchezo ambao baba haujui na aliuliza maswali mengi juu yake. Waliongea kama tembo hulia machozi au la. Na kati yao, juu ya kile kimeza, palikaa tarehe ambayo mmoja aliona ni ukatili kuitaja na mwingine aliona ni utovu wa adabu. Mimi nilikuwa namimina chai. Mara kadhaa niliimimina vibaya makusudi.

Nilitaka kuomba mwenyewe. Haikuwezekana. Ombi lilitoka kwa mwajiri, kwa sahihi yake na nyaraka za kampuni yake, na mwajiri alikuwa baba yangu.

Nilimsumbua mpaka akatafuta njia yake ya kuuliza bila kuuliza. Alimwita mama.

"Mpelekee fundi chandarua kipya," alisema. "Anayekaa atakipokea. Anayeondoka atasema cha nini."

Alijisifu sana kwa hila hiyo. Mama akaenda na chandarua mkononi. Tulimsubiri barazani. Alirudi nacho.

"Amesema cha zamani kinatosha."

Baba aliweka kikombe chini taratibu. Uso wake ulizeeka mbele yangu. "Basi anaondoka," akasema.

"Baba! Amesema chandarua kinatosha!"

"Wewe hujui watu wazima wanavyoongea."

Hilo aliniambia mimi, ambaye hushinda mchana kutwa nikijaribu kuandika watu wazima wanavyoongea.

Ilinibidi nirudi kwa fundi mara ya pili, na safari hii sikuzunguka. "Unataka kubaki, au unataka kuondoka?"

"Dada, hapa nakula mlenda kila siku. Alizeti inakomaa. Kwa nini niondoke?"

Nikakimbia nalo hilo jibu kwa baba kama mtu aliyebeba maji viganjani. Baba akatikisa kichwa.

"Umemwuliza, angejibu nini? Mtu ukimwuliza usoni atasema anabaki, kwa adabu. Neno la kweli ni lile la chandarua."

"Kwa hiyo asipoulizwa hasemi, na akiulizwa hasadikiki?"

"Sasa umeelewa."

"Nimeelewa nini, baba?"

"Siwezi kumfunga mtu kwa karatasi. Moyo wake uko kwao."

Nilitoka nje nikatembea mpaka ukingoni mwa ziwa, yale maji ya chumvi yanayomeremeta bila kumnywesha mtu, nikaokota mawe na kuyatupa. Nilirudi mkono unauma. Baba hakubadilika. Fundi naye, kama alivyokuja kunieleza, alikuwa ameelewa chandarua kwa namna yake: watu wanaomletea mtu chandarua kipya ni watu waliokwisha kumwombea muda mpya. Alikikataa ili asiwaongezee mzigo. Wakati baba anahuzunika kwa siri upande mmoja wa ukuta, fundi alikuwa upande wa pili anaimba, anafua vitambaa vya kuchujia kwa ajili ya msimu.

Kibali kikaisha. Hakuna kengele iliyolia. Mama alipika kunde.

Siku iliyofuata baba alirudi mchana na dumu la asali ya Mgori, na kikoi kipya kilichofungwa kwenye karatasi. Alivaa kanzu. Alimwita fundi barazani, akamketisha kwenye kiti chake yeye mwenyewe, akaanza kusema. Baba akiamua kusema, anasema vizuri. Alisema kwamba mto hauzuiliwi. Alisema nyumba hii ilikuwa na watoto wanne na sasa ina mtu wa tano aliye mbali. Alisema ampelekee salamu mama yake, na asali hii ale yeye na wanawe, ni ya msitu, haina sukari ya mtu. Mama alikuwa analia kwenye upindo wa kanga. Fundi alipokea dumu kwa mikono miwili, akalipakata, akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa, macho yake yakienda kwa baba, kwa mama, kwangu.

"Mzee," akasema kwa upole, "nani anasafiri?"

Upepo ulikuwa unachezea karatasi ya kikoi.

"Wewe," baba akasema.

"Mimi?"

"Ulikataa chandarua."

"Mzee, kile cha zamani hakina tundu!"

Mimi ndiye niliyekwenda chumbani kwake kuchukua pasipoti. Niliiweka mbele yao, nikaifungua, nikaweka kidole kwenye tarehe. Wote wawili waliinama juu yake kama watu wanaochungulia kisima. Sikusema "niliwaambia." Nilikuwa nimelisema hilo neno moyoni mara nyingi mno hata likaisha utamu.

Kesho yake mimi, baba na fundi tulikwenda ofisi ya uhamiaji. Baba alitaka barua ya maelezo. "Wewe si mwandishi?" alisema, na kwa mara ya kwanza kazi yangu ikawa na faida nyumbani kwetu. Niliandika mwanzo mara nne. Ni sababu gani ningeitoa? Ugonjwa? Safari? Mwishowe niliandika kweli: kwamba mwajiri aliona aibu kumwuliza mgeni wake siku ya kuondoka, na mgeni aliona aibu kumkumbusha mwenyeji wake.

Afisa alikuwa mama mmoja wa rika la shangazi zangu, mwenye miwani ya kusomea. Tulimwamkia, akatuitikia, akaisoma barua yote. Kufikia katikati aliziba mdomo kwa kiganja.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi, afande."

"Umeandika vizuri, mpaka nimewaonea huruma." Alivua miwani. "Mzee wangu, ungeniletea ombi wakati kibali kina uhai, ningelipokea kwa mikono miwili. Ungekuwa na sababu nzuri: mtambo ulichelewa, mtu anafundishwa. Lakini kilichokwisha hakiongezwi. Kinaombwa kipya, na kipya kinaombwa akiwa kwao."

Baba alikaa wima, kofia mapajani. "Dada yangu, huyu hajajificha. Yuko kwangu. Tumekosea kwa sababu ya heshima."

"Najua, mzee. Mimi ni wa Kiomboi. Kwetu pia mgeni haulizwi." Akasogeza barua pembeni. "Ndiyo maana serikali imetuweka sisi hapa. Kazi yetu ni kumwuliza mgeni anaondoka lini, ili ninyi msilazimike kumwuliza mkimtazama usoni."

"Babu yangu alikuja hapa na chumvi. Hakuna aliyemwuliza."

"Angekuja leo tungemwuliza."

Kipya kingechukua muda gani? Alieleza bila kutudanganya. Ombi la mwajiri, kibali cha kazi kwanza, kisha cha ukaazi. Miezi, ikienda vizuri. Fundi alipewa siku chache za kufunga mizigo, na akaonywa kwamba katika siku hizo haruhusiwi kufanya kazi. Alikuwa ameweka mikono magotini muda wote. Aliuliza swali moja tu, na hakumwuliza afisa.

"Mzee, alizeti itakauka lini?"

"Mwezi ujao," baba akasema.

Tulirudi nyumbani. Usiku haukuingia kabla baba hajampigia simu mjomba wangu Mtinko, kaka yake mama, akimwomba akate vichwa vya alizeti vilivyotangulia kuinama, vyovyote, hata kama watu watamcheka. Mjomba alichekwa. Alikata, akaanika juu ya bati, akapura, na asubuhi ya mwisho magunia machache yakashushwa uani kwetu, mbegu bado zina ubaridi wa shambani.

"Fundi hagusi kitu," nikasema mbegu zilipokwisha kukamuliwa, kabla hata mtambo wa kusafishia haujawashwa.

"Kuongea nako ni kazi?" baba akauliza.

"Baba, usianze."

Fundi aliweka mikono nyuma, akaushika mmoja kwa mwingine kama mfungwa, akasimama katikati ya chumba. Binamu yangu ndiye aliyeendesha. Alifungua, akafunga, akapandisha joto. Mahali alipozidisha, fundi alikohoa. Akirekebisha, kikohozi kinakoma. Sijawahi kuona mtu akiugua kifua kwa ustadi namna ile. Mara moja aliegemeza sikio karibu na tumbo la mtambo, bila bisibisi, akafumba macho, na binamu yangu akasubiri mpaka akayafumbua.

Mafuta yalitoka wakati wa adhuhuri. Binamu yangu alijaza chupa, akaipangusa kwa kanga yake. Baba alileta gazeti, akalikunjua nyuma ya chupa penye mwanga wa dirisha. Tulisogea wote.

Kichwa cha habari kilisomeka. Kilisomeka vizuri, kila herufi imevimba kidogo kama kokoto chini ya maji. Herufi ndogo zilikuwa ukungu.

Fundi alitazama kwa muda mrefu. Akageuza kichwa huku, akageuza kule.

"Unyevu," akasema. "Mbegu mbichi. Mtambo ni mzima. Mwezi ujao herufi ndogo zitakuja."

"Zitakuja," binamu yangu akasema.

"Utanipigia picha."

"Nitakupigia."

Basi la Dodoma lilikuwa linaondoka mchana huo, na begi lake lilikuwa tayari mlangoni mwa chumba cha mtambo, pamoja na dumu la asali alilolifunga kwa kikoi. Mama alimshika mikono akamsemesha Kinyaturu, kwa kirefu, na yeye akalaza kichwa kushoto na kulia. Kisha akamwendea baba. Nilidhani baba ataanza tena habari za mto. Hakuanza.

"Fundi," alisema, na nikaona jinsi neno lilivyompa shida kulitoa, "unataka kurudi?"

"Nataka, mzee."

Baba alimkazia macho. Nilingoja aseme kwamba hilo ni jibu la adabu.

"Nitaomba kesho," baba akasema.

"Leo, baba," nikasema mimi.

"Leo."

Fundi akainua begi, akatoka. Upepo wa mwanzo wa kiangazi ulikuwa umeanza, ule unaonyanyua uwanja mzima na kuuhamishia kwa jirani. Baba alisimama kizingitini ameushikilia mlango wazi kwa mkono, kama walivyofanya baba yake na babu yake, macho yakimfuata mgeni anayevuka uani. Vumbi lilimpita miguuni likaingia ndani, likaelekea kwenye tangi lililokuwa wazi, na binamu yangu akalifunika kwa mikono na kanga. Hakuna aliyethubutu kumwambia baba afunge. Fundi alifika kwenye geti. Aligeuka kupunga mkono, akaona, na mkono ukaganda hewani.

"Mzee!" alipiga kelele kutoka huko, kwa ile sauti yake ya juu ya ngazi. "Mlango!"

Baba akamtazama kidogo zaidi. Kisha akaufunga.